Mapitio: kigeuzi cha RME ADI-2 DAC FS kikilishwa na seva ya Raspberry Pi 4

Seva ya muziki (kompyuta inayohifadhi na kutuma nyimbo) ikishafikisha biti zote salama kwenye kigeuzi (DAC, kifaa kinachogeuza sauti ya dijitali kuwa ya analogi), na ikawa haipenyezi kelele za umeme, kazi yake upande wa sauti imekwisha. Kinachobaki ni cha kigeuzi chenyewe: saa yake ya ndani, sehemu yake ya analogi, na jinsi volti zinazotoka humo zinavyolingana na amplifaya. Ndiyo sababu tumeweka meza moja vifaa ambavyo wapenzi wa sauti ya hali ya juu hawavioanishi mara nyingi: kompyuta ya ubao mmoja ya Raspberry Pi 4, na kigeuzi cha Kijerumani, RME ADI-2 DAC FS. Kigeuzi hiki kina sifa moja ambayo vingi vya daraja la juu havina: kinaweza kukuonyesha chenyewe kama seva yako imeharibu biti au haijaziharibu. Mtu akiwa na kipimo hicho mkononi, mabishano mengi kuhusu seva yanaisha kwa dakika chache.

Mzigo wa seva ni mdogo kuliko unavyodhaniwa

Muziki wa CD ni sampuli 44,100 kwa sekunde, biti 16 kila sampuli, chaneli mbili. Ukizidisha unapata biti 1,411,200 kwa sekunde. Faili kubwa la biti 24 na kilohezi 192 linafika biti 9,216,000. USB 2.0 imeundwa kubeba biti milioni 480 kwa sekunde na mtandao wa waya wa Pi 4 milioni 1,000. Kufungua faili la FLAC (muundo unaobana muziki bila kupoteza kitu) hutumia sehemu ndogo tu ya uwezo wa kiini kimoja kati ya viini vinne vya kompyuta hii. Kwa hiyo hoja kwamba seva yenye prosesa kubwa hutoa sauti nzuri zaidi haina mashiko ikiwa kazi ni kucheza faili tu. Nguvu inahitajika pale unapobadilisha PCM (muundo wa kawaida wa sauti ya dijitali, kama wa CD) kuwa DSD (muundo wa biti moja yenye kasi kubwa sana) wakati muziki unacheza, au unapopitisha vichujio virefu vya kurekebisha chumba. Hapo Pi 4 hupata joto na huweza kuzidiwa.

Tofauti ya Pi 4 na zile zilizotangulia ina maana kwa muziki. Kuanzia Pi 3 kurudi nyuma, mtandao wa waya na soketi zote za USB vilipita njia moja ya USB 2.0. Faili kubwa likiwa linasomwa kutoka mtandaoni huku kigeuzi kikilishwa kwa USB, sauti ilikuwa rahisi kukatika au kutoa mikwaruzo. Kwenye Pi 4 mtandao una njia yake, na USB inapitia chipu nyingine. Mwenye Pi 3 anayesumbuliwa na mikwaruzo asikimbilie kubadilisha kebo. Aihamishie kwanza diski ya muziki au kigeuzi kwenye njia nyingine, au abadilishe ubao.

Kuiandaa seva

Anza na umeme, maana hapo ndipo Pi nyingi huangushwa. Adapta inayotakiwa ni ya volti 5.1 na ampea 3. Chaja ya simu yenye kebo nyembamba hupoteza volti njiani, na umeme ukishuka chini ya volti 4.63 ubao hujipunguzia kasi. Andika amri hii kwenye dirisha la amri baada ya kucheza muziki kwa saa moja hivi:

vcgencmd get_throttled

Jibu likiwa 0x0, umeme unatosha. Likiwa namba nyingine yoyote, kuna lililotokea tangu ubao uwashwe, ama umeme kushuka ama joto kuzidi, na usiendelee kutathmini sauti kabla ya kulitatua.

Soketi zote nne za USB za Pi 4 hugawana ampea 1.2. Diski ya kuzunguka ya inchi 2.5 inaweza kukaribia kiasi hicho peke yake inapoanza kuzunguka. Matokeo yake ni diski kujitenga katikati ya wimbo, na watu wengi hudhani programu ndiyo mbovu. Tumia SSD (diski isiyozunguka), au diski yenye adapta yake. Albamu ya CD ya saa moja kwenye FLAC huchukua takriban MB 350, kwa hiyo diski ya TB 1 inabeba albamu zaidi ya 2,500. Ipe muundo wa kuhifadhi faili wa ext4 badala ya exFAT, kwa sababu exFAT haina kumbukumbu ya mabadiliko na umeme ukikatika wakati unanakili nyimbo unaweza kupoteza folda nzima. Na nakala ya pili ya muziki iwekwe kwenye diski nyingine isiyounganishwa na seva. Hilo halibadilishi sauti hata chembe, lakini hakuna sauti mbaya kuliko maktaba iliyopotea.

Kwa programu, moOde na Volumio zote mbili zimejengwa juu ya MPD (programu ya kucheza muziki kwenye seva) na zote zinafaa. Anayetaka vyumba kadhaa vicheze pamoja atatulia zaidi na Lyrion Music Server. Tungechagua moOde kwa mfumo wa chumba kimoja, kwa sababu mipangilio yake inaonyesha wazi kila hatua ambayo sauti inapitia. Chagua kifaa cha kutolea sauti kiwe cha USB, volyumu ya programu izimwe kabisa, kubadilisha kasi ya sampuli kuzimwe, kusawazisha sauti kati ya nyimbo kuzimwe, na kufifisha wimbo mmoja ndani ya mwingine pia. ADI-2 inatambuliwa na Linux bila kuweka draiva yoyote.

Kisha cheza wimbo wa CD na uandike:

cat /proc/asound/card*/pcm*p/sub*/hw_params

Utaona mistari michache. Mstari wa kasi (rate) usome 44100. Weka wimbo wa kilohezi 96, nao usome 96000. Kama kila wimbo unasoma 48000, kuna programu inayobadilisha sampuli kwa siri, na kwa kawaida ni kichanganyio cha mfumo endeshi. Kwenye Windows tatizo hilo ndilo hali ya kawaida: sauti zote hupitia kichanganyio na kuletwa kwenye kasi moja iliyochaguliwa kwenye mipangilio, mpaka programu ya muziki iambiwe itumie WASAPI (njia ya sauti ya Windows) kwa njia ya kumiliki kifaa peke yake. Kwenye Mac, kasi huchaguliwa ndani ya Audio MIDI Setup, na programu nyingi hazibadilishi zenyewe wimbo unapobadilika.

Jaribio la biti

Hapa ADI-2 inajipambanua. Kampuni inatoa bure mafaili ya WAV ya majaribio. Unayanakili kwenye maktaba kama nyimbo nyingine na kuyacheza. Ndani ya kila faili kuna mpangilio maalumu wa biti, na kigeuzi kikiupokea bila mabadiliko, kioo chake huandika kwamba jaribio limepita. Ikibadilika biti moja tu, maandishi hayatokei.

Jaribio likifeli, mkosaji karibu siku zote ni mmoja wa hawa: volyumu ya programu iliyoachwa 99 badala ya 100, usawazishaji wa sauti kati ya nyimbo uliosahaulika umewashwa, kirekebishi cha besi, au programu iliyogeuza faili kabla ya kulituma. Kwa upande wa njia zisizo na waya, Bluetooth ya kawaida haipiti kwa kuwa hubana sauti na kutupa sehemu yake. UPnP (njia ya kutuma muziki kati ya vifaa vya mtandao wa nyumbani) inaweza kupita, ila baadhi ya vifaa vyake huweka ukimya mfupi kati ya nyimbo, jambo linaloudhi kwenye albamu za tamasha la moja kwa moja.

Jaribio likipita, tafakari maana yake. Data iliyofika kwenye kigeuzi ni ile ile iliyo kwenye diski. Aina ya SSD haikuibadilisha, swichi ya mtandao haikuibadilisha, kebo ya mtandao haikuibadilisha. Pakiti ikipotea kwenye mtandao hutumwa upya, na muziki hukaa kwanza kwenye bafa (hifadhi ya muda) ya seva kabla haujakwenda kwa kigeuzi. Swichi za mtandao zinazouzwa kwa ajili ya muziki hazina mahali pa kushika katika mnyororo huu. Kitu kimoja tu kuhusu kebo ya mtandao kinafaa kuzingatiwa: tumia isiyo na ngao ya chuma. Soketi za Ethernet zina transfoma ndogo ndani zinazotenganisha umeme wa pande mbili, na ngao ya chuma inaweza kuunganisha tena kile ambacho transfoma imekitenga.

Baada ya biti, yamebaki mambo mawili ambayo seva inaweza kuyagusa: wakati na kelele.

Wakati

Kigeuzi lazima kitoe kila sampuli kwa wakati wake kamili. Sampuli sahihi ikitolewa kwa kuchelewa au kuwahi, wimbi linalotoka si lile lililorekodiwa. Mchezo huo wa saa hupimwa kwa sehemu za sekunde zisizofikirika. Ukiwa na mlio wa kilohezi 10 na saa inayocheza kwa nanosekunde 1 kwenda mbele na nyuma, pembeni mwa mlio huo hutokea milio ya ziada iliyo chini kwa desibeli 90 hivi. Ukipunguza mchezo huo mara kumi, milio hiyo hushuka hadi desibeli 110 chini. Kwa muziki uliojaa ala, hata ile ya kwanza ni vigumu mno kuisikia.

Ni nani anayeshika saa? Kwenye USB ya kisasa isiyofuata saa ya kompyuta, ambayo vigeuzi karibu vyote vya daraja hili vinaitumia, saa ni ya kigeuzi. Seva hutuma pakiti kila maikrosekunde 125, kigeuzi huziweka kwenye bafa yake na kuiambia seva iongeze au ipunguze. Saa ya seva haigusi sampuli. Mambo ni tofauti kwa S/PDIF (njia nyingine ya kupitisha sauti ya dijitali), iwe ya waya au ya mwanga, kwa sababu humo saa imefumwa ndani ya ishara yenyewe na kigeuzi hulazimika kuichambua. Kigeuzi dhaifu hubeba kasoro zote za mtumaji. Katika njia hii ndipo watu waliposikia kwa haki tofauti kati ya mtumaji mmoja na mwingine, na imani hiyo ikahamia USB bila kubeba sababu yake.

ADI-2 ina mfumo unaoitwa SteadyClock FS unaosafisha saa ya S/PDIF kabla haijafika kwenye chipu ya kugeuza. Kwa hiyo hata ukitumia njia ya mwanga kutoka kifaa cha kawaida, mchezo wa saa hautakuwa shida yako. Huo ni ubora halisi wa kigeuzi, na ni mahali panapostahili fedha kuliko saa ya nje iliyofungwa kwenye seva.

Kelele za umeme: hapa seva ina hatia ya kweli

Adapta za kisasa huvujisha mkondo mdogo wa umeme kwenda upande wa pili. Mkondo huo hupita kwenye ngao na waya wa sifuri wa kebo ya USB, unaingia kwenye kigeuzi, unatoka kwa kebo ya RCA (kebo ya kawaida ya sauti ya analogi) hadi kwenye amplifaya, kisha unarudi kupitia ethi ya ukutani. Kwenye RCA, ngao ndiyo pia njia ya kurudi ya ishara ya muziki. Mkondo wowote unaopita juu yake huzaa volti ndogo, na amplifaya haina namna ya kujua kwamba volti hiyo si muziki.

Dalili zake ni tatu. Mvumo mzito wa hezi 50 au 60, kutegemea umeme wa mahali, pamoja na ndugu zake wa 100 au 120. Vijisauti vya kuchakarika vinavyobadilika ukisogeza kipanya au diski ikisoma. Na mluzi mwembamba wa kilohezi 8, unaotokana na zile pakiti za kila maikrosekunde 125.

Kumtafuta mkosaji ni rahisi. Simamisha muziki, acha volyumu ilipo kawaida, weka sikio karibu na spika ndogo ya sauti za juu. Chomoa kebo ya USB upande wa kigeuzi. Kelele ikipotea, njia ni USB. Ikibaki, tafuta kwingine: amplifaya yenyewe, au kebo ya antena ya televisheni iliyounganishwa na mfumo huo huo, ambayo ni chanzo kikubwa cha mvumo.

Tiba zifuatwe kwa mpangilio huu, kuanzia isiyo na gharama. Chomeka vifaa vyote kwenye ekstensheni moja, ili njia ya ethi kati yao iwe fupi. Kama amplifaya inapokea XLR (kebo ya pini tatu), itumie, kwa kuwa huko ishara ina waya zake mbili na ngao haibebi muziki. Hatua hii peke yake huponya mifumo mingi. Ikishindikana, tumia mwanga. Pi haina tundu la mwanga, lakini vibao vya kupachika juu yake kama HiFiBerry Digi+ vinalo, na kioo au plastiki haipitishi umeme hata kidogo. Ujue tu kwamba njia ya mwanga ni ya uhakika hadi kilohezi 96, na 192 hutegemea kebo na vifaa. Baada ya hapo ndipo kitenganishi cha USB kinafuata, na hapa watu hupoteza fedha. Vitenganishi vya zamani vilivyojengwa kwa chipu ya ADuM4160 huishia kwenye kasi ya biti milioni 12 kwa sekunde. Vigeuzi vingi vya kisasa havitambuliki kabisa vikipitia humo. Hakikisha kimeandikwa milioni 480.

Adapta ghali ya mstari kwa ajili ya Pi ni ya mwisho kwenye orodha, na mara nyingi huwa imekwisha kutohitajika. Na usikate kamwe pini ya ethi ya plagi ili kuua mvumo. Mvumo utaondoka, na siku kifaa kitakapopata hitilafu umeme utatafuta njia nyingine ya kwenda ardhini, ikiwemo mkono wa mtu.

Kigeuzi chenyewe

ADI-2 ilianza na chipu za AKM. Oktoba 2020 kiwanda cha AKM kilichoko Nobeoka, Japani, kiliungua, na RME ikahamia chipu ya ESS katika toleo lililofuata. Orodha ya vichujio kwenye menyu si ile ile kati ya matoleo hayo, na vipimo vinapishana kidogo, lakini hatuoni sababu ya kuliacha toleo moja na kulikimbilia jingine. Chipu ni sehemu ndogo ya matokeo. Biti 24 zingeweza kinadharia kubeba tofauti ya desibeli 144 kati ya kelele na sauti kubwa kabisa, ila kelele ya joto ndani ya saketi za analogi huwafanya watengenezaji wazuri waishie karibu 120, yaani biti 20 hivi. 

Sehemu tunayoipenda zaidi, na ambayo wauzaji huitaja mara chache, ni viwango vya volti. Vigeuzi vingi hutoa volti 2 kwenye RCA na 4 kwenye XLR, basi. ADI-2 ina viwango vinne. Kwa RCA ni -5, +1, +7 na +13 dBu, yaani takriban volti 0.44, 0.87, 1.73 na 3.46. Kwa XLR kila kiwango kimepanda kwa desibeli 6, hadi +19 dBu, karibu volti 6.9. Kwa nini hili lina uzito? Tuseme amplifaya yako ya nguvu inafika kikomo ikipewa volti 1.2. Ukiiunganisha na kiwango cha volti 6.9 utajikuta unasikiliza volyumu ikiwa -35 au -40. Muziki umeshushwa kwa hesabu za dijitali, ilhali kelele ya analogi ya kigeuzi imebaki ilipo. Umetupa desibeli nyingi za ubora ulizozinunua. Kila desibeli 6 unazoshusha ni sawa na biti moja.

Namna ya kupanga: zima Auto Ref Level, anza na kiwango cha chini, weka wimbo uliorekodiwa kwa sauti ndogo kuliko yote uliyo nayo, kama piano peke yake au kwaya, kisha pandisha volyumu hadi mwisho wa unachoweza kukitaka. Kama imefika 0 na bado hakutoshi, panda ngazi moja. Ukitulia kati ya -10 na 0, hapo ndipo penyewe. Kisha, anayesikiliza kwa viwango vinavyotofautiana sana mchana na usiku aiwashe Auto Ref Level, ambayo hubadilisha ngazi yenyewe kadiri volyumu inavyopanda au kushuka. Utasikia kidude kikigonga ndani kwa sauti ndogo. Ni kawaida.

Kuhusu vichujio, majadiliano ni marefu kuliko tofauti zenyewe. Kichujio kikali hubaki tambarare hadi kilohezi 20 na kuzima upesi juu yake. Kichujio cha taratibu huanza kushusha mapema. Cha NOS (kisichoongeza idadi ya sampuli), kwa muziki wa CD, hushusha kilohezi 20 kwa desibeli 3.2 hivi na kuacha nakala za muziki juu ya kilohezi 22.05, ambazo hazisikiki lakini zinaweza kuisumbua amplifaya isiyo imara. Ushauri wetu ni kuacha kile kikali na kusahau menyu hiyo. Anayetaka sauti laini zaidi ana kifaa bora zaidi ndani ya boksi hili hili.

Kifaa hicho ni kirekebishi (EQ) cha bendi tano, kinachopandisha au kushusha sehemu ulizochagua za sauti. Katika chumba cha kawaida, kuta hupandisha baadhi ya besi kwa desibeli 10 au zaidi na kuzika nyingine. Hakuna seva wala kebo inayosogelea ukubwa huo. Chukua maikrofoni ya kupimia kama UMIK-1, pima kwa programu ya Room EQ Wizard ukiwa umeiweka maikrofoni pale kichwa kinapokaa, na angalia chini ya hezi 200. Ukiona kilele cha desibeli 8 kwenye hezi 45, weka bendi hapo, punguza desibeli 6 au 7, anza na Q (wembamba wa bendi) ya 4, pima tena, rekebisha. Mashimo usiyajaze. Shimo la besi hutokana na mawimbi yanayouana, na ukiongeza nguvu unawachosha spika na amplifaya bila sauti kuongezeka. Sogeza spika au kiti sentimita 20 au 30 badala yake. Kirekebishi hiki kikiwashwa hakiharibu jaribio la biti, kwa kuwa jaribio husoma kinachoingia.

Kuna pia Loudness, inayoongeza besi na sauti za juu kadiri unavyopunguza volyumu. Kwa wanaosikiliza usiku kwa sauti ndogo, ni mojawapo ya vitu vyenye manufaa zaidi kwenye kifaa kizima.

Mahali kinapokwaza

Hakina mtandao wala HDMI. Maandishi ya kioo ni madogo, na menyu zimefuatana kwa kina kiasi kwamba mgeni atahitaji mwongozo kwa wiki ya kwanza. Programu ya kusasisha kifaa inataka Windows au Mac, hivyo mwenye Linux peke yake ataazima kompyuta.

Onyo kuhusu DSD. Kwa njia ya DoP, DSD husafirishwa ikiwa imevaa sura ya PCM ya biti 24 na kilohezi 176.4. Programu ikigusa volyumu hata kidogo, alama zinazoitambulisha huharibika na kigeuzi husoma kilichomo kana kwamba ni PCM ya kawaida. Kinachotoka ni mlipuko wa kelele. Hii ndiyo sababu nyingine ya kuzima volyumu ya programu kwenye seva na kutumia kitufe cha kigeuzi. Faili la kwanza la DSD lijaribiwe volyumu ikiwa chini kabisa.

Kama una uwezo wa kununua seva maalumu

Seva kama za Innuos na Aurender zina sababu halali za kununuliwa: boksi tulivu lisilo na feni, nafasi ya diski iliyopangwa, programu ya simu iliyokamilika, na mtu wa kumpigia likizingua. Baadhi hunakili CD zenyewe. Asiyetaka kuandika amri hata moja atapata thamani yake humo. Lakini zinunuliwe kwa sababu hizo. Kigeuzi kikiwa hiki, jaribio la biti likiwa limepita pande zote mbili, na kelele zikiwa hazisikiki kwenye spika, hakuna njia iliyobaki ya seva moja kuleta besi iliyokaza au jukwaa (hisia ya upana wa sauti) pana kuliko nyingine.

Anayetilia shaka apime kwa haki. Viwango vya sauti vilinganishwe ndani ya desibeli 0.1, maana chenye sauti kubwa kidogo huonekana bora daima. Tumia mlio wa hezi 100, ambao mita ya kawaida ya AC huupima vizuri, na usome volti kwenye vituo vya spika: 2.00 dhidi ya 2.02 ni karibu sawa, 2.00 dhidi ya 2.10 si sawa. Mtu mwingine abadilishe vifaa bila wewe kuona, mara 16. Ukipatia 12 au zaidi, una jambo la kulichunguza. Chini ya hapo, bahati tupu inaweza kueleza matokeo.

Ukinunua ADI-2 iliyotumika, mwombe muuzaji acheze faili la jaribio mbele yako, zungusha kila kitufe kuona kama kinarukaruka, chomeka hedifoni kwenye tundu kubwa na lile dogo la IEM (hedifoni za kuingia sikioni), pitia viwango vyote vinne vya volti ukisikiliza kama chaneli zote mbili zinabadilika pamoja, na hakikisha rimoti na adapta yake ya volti 12 vimo ndani ya boksi.